UZI: Banda dogo la mapumziko kwenye msitu unaorejeshwa (Usambara Mashariki): vipimo, vifaa na yanayoharibika

#1 Mnyasa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila mradi wa kurejesha msitu hufika mahali ukahitaji banda. Wapanda miti wanataka pa kujikinga mvua, walimu wanataka pa kukalisha wanafunzi, wageni wa njia za miguu wanataka pa kupumzika. Tatizo ni kwamba mabanda mengi huchorwa kama ya bustani ya hoteli, kisha yanapelekwa msituni, yanaoza haraka, na kulizunguka banda lenyewe miche yote imekanyagwa.

Mfano wangu ni vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilaya ya Muheza, kwa sababu pale kila ugumu upo: mvua ya karibu milimita 1,900 kwa mwaka, miteremko, mchwa, na mhesi.

Kwa wasioujua: mhesi (Maesopsis eminii) ni mti wa asili kule Uganda na Kagera, lakini Usambara uliletwa enzi za ukoloni. Hondohondo wanapenda matunda yake na kuzitawanya mbegu mbali. Pakipatikana uwazi wenye jua, mhesi huwahi kuota kabla ya miti ya asili ya pale kama mtambara, msambu au mfimbo. Ndiyo maana kurejesha msitu pale ni kupunguza mhesi kidogo kidogo huku miti ya asili ikipandwa au ikisaidiwa kuota yenyewe.

Hoja yangu ni hii: banda litumie mbao za mhesi unaopunguzwa, likae mahali palipokwisha kuharibika, na liweze kufunguliwa na kuondolewa siku msitu ukifunga, yaani matawi yakikutana tena juu.

Vipimo vya kuanzia, kwa watu 12:
- Sakafu mita 3 kwa 4.
- Nguzo 6: tatu upande huu, tatu upande wa pili, kila moja mita 2 kutoka mwenzake.
- Paa la migongo miwili, mteremko wa nyuzi 25, mita 4.4 kwa 5.3 likipimwa chini kwa ulalo, si kwa kufuata mteremko.
- Bati geji 28 za mita 2.5: 14, yaani 7 kila upande. Bati la migongo ya kawaida hufunika sentimita 76 baada ya kupandana, na 7 zinatoa mita 5.3 bila kukata hata moja. Urefu wa paa umetokana na bati kwa makusudi.
- Kofia (za kufunika kilele cha paa) 3 za mita 2.
- Benchi mita 6 kwa jumla: 3.6 nyuma na 1.2 kila ubavu. Mtu mmoja hesabu nusu mita. Urefu wa kukalia sentimita 45, upana 38.
- Mbele wazi.

Mafundi na watu wa misitu, karibuni. Nawasilisha.

#2 Fundi Timazi

Mkuu Mnyasa, shukrani kwa kuanza na bati badala ya kuanza na picha.

Urefu wa nguzo hujautaja, na hapo ndipo wengi huharibu. Paa lako linatokeza sentimita 70 nje ya nguzo. Kwa nyuzi 25, kila sentimita 10 za kutokeza paa linashuka karibu 4.7. Kwa hiyo ukingo uko sentimita 33 chini ya kichwa cha nguzo. Fundi akisimamisha nguzo za mita 2.1 kwa kubania mbao, ukingo unakuja mita 1.77 na watu wanagonga vichwa kwenye bati. Nguzo ziwe mita 2.4 juu ya sakafu, ukingo ubaki mita 2.07. Usipunguze kutokeza ili upate urefu. Mvua ya kule huja na upepo, na ukipunguza kuwa sentimita 40 benchi la nyuma litalowa kila masika.

Mbao za paa:
- Mhimili (ubao unaolala juu ya nguzo) wa inchi 2×6, mistari miwili ya mita 4.2, kiungo kikae juu ya nguzo ya kati.
- Kenchi (fremu za pembetatu zinazobeba paa) 5, moja kila mita 1. Kila kenchi ina miguu miwili ya 2×4 yenye mita 2.5 na tai (ubao wa chini unaoifunga miguu) moja ya mita 3.2.
- Papi (mbao za kupigilia bati) 2×3, mistari 4 kila upande, nafasi sentimita 80. Mistari 8 kwa mita 5.3 ni mita 42.4. Agiza 47, maana mikato inakula.

Msumari wa bati upigwe kwenye mgongo, kamwe usipigwe bondeni. Bondeni ndiko maji yanakopita, na tundu dogo tu linatosha kuozesha papi.

#3 Binti Sambaa

Kabla ya mbao, mahali. Banda zuri mahali pabaya linaharibu zaidi ya banda baya.

Angalieni mambo haya kwa mpangilio huu, na eneo likifeli moja msiendelee na linalofuata:

Kwanza, maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto au chanzo cha maji. Pima kwa kamba, msikadirie kwa macho. Kando ya vijito vya Usambara ndiko kwenye mawe yenye ule urujuani wa Usambara (ua dogo la Saintpaulia), na mimea ile haivumilii kukanyagwa wala jua la ghafla.

Pili, ardhi iwe tayari imeguswa: shamba la zamani la iliki, kitalu kilichohamishwa, kituo cha zamani cha kupasulia mbao. Kwenye iliki ya zamani miti mikubwa ilibaki juu lakini chini palifyekwa miaka mingi, hivyo kuna uwazi wa sakafu bila kuangusha mti.

Tatu, na hili halisemwi: miti mfu. Mhesi mingi haikatwi, inakobolewa gome ili ikauke ikiwa imesimama, kusudi mwanga usiingie kwa ghafla. Mti wa namna hiyo huangusha matawi kwanza, shina baadaye. Mhesi hufika mita 30 na zaidi. Banda lisiwe ndani ya urefu wa mti wowote uliokobolewa au utakaokobolewa. Mpango wa kukoboa na ramani ya mabanda vichorwe kwenye karatasi moja. Vikichorwa na watu wawili ofisi mbili tofauti, mtaweka wanafunzi chini ya mti uliouawa kwa makusudi.

Nne, kibali. Ndani ya hifadhi ni Wakala wa Huduma za Misitu. Kwenye msitu wa hifadhi wa kijiji ni serikali ya kijiji na kamati yake ya maliasili. Kibali cha kujenga si kibali cha kuvuna. Hata mhesi una utaratibu wake, msidhani kwa kuwa ni mti usiotakiwa basi kila mwenye msumeno anajichukulia.

#4 Mnyasa

Dada, hiyo ya tatu ina uzito kuliko kila kitu nilichoandika. Naongeza jambo moja: mkikata mhesi kwa ajili ya mbao, kateni ile iliyotawanyika, msikate kundi zima mahali pamoja. Pengo kubwa linaleta miche ya mhesi mingi kuliko mliyokata. Ni bora mbao zitoke miti mitatu iliyo mbalimbali na kubebwa mbali kidogo.

Sasa msingi. Mafundi wanasemaje, nguzo izikwe kwenye zege au isimame juu ya chuma?

#5 Zege la Mlimani

Isimame juu ya chuma. Nguzo ikizikwa kwenye zege, mbao husinyaa ikikauka, unabaki mwanya mwembamba kuizunguka, maji ya mvua yanaingia na hayana pa kutokea. Nguzo inaozea hapo kwenye mstari wa ardhi huku juu inaonekana nzima. Unaigundua siku mtu akiiegemea.

Shimo: sentimita 40 kwa 40, kina 60. Sentimita 20 za chini mawe yaliyoshindiliwa, 40 za juu zege la 1:3:6 (saruji 1, mchanga 3, kokoto 6). Mashimo 6 yanakula karibu mita za ujazo 0.4. Hiyo ni mifuko 2 ya saruji ya kilo 50, na kwa kila mfuko ndoo 5 za lita 20 za mchanga na ndoo 10 za kokoto.

Uzito wote unakaribia kilo 900, mizigo 45 ya kilo 20 kwa kichwa, nje ya maji. Ndiyo maana nimebadilisha theluthi ya shimo kuwa mawe, kama mawe yapo jirani. Lakini mawe yasitolewe kijitoni wala kwenye miamba yenye mimea.

Kiatu cha chuma: bapa la milimita 50 kwa 6, likunjwe umbo la U kutosha nguzo, lishuke sentimita 25 ndani ya zege, na kitako cha nguzo kikae sentimita 10 juu ya zege. Bolti 2 za M12 (unene milimita 12) kila kiatu, urefu milimita 180 kwa nguzo ya kipenyo cha sentimita 12 hadi 14. Juu ya zege papewe mteremko kidogo kuelekea nje ili maji yasisimame.

Zile sentimita 10 zina kazi ya pili: mchwa. Mchwa wa kazi hana mabawa, lazima ajenge njia yake ya udongo kupanda juu ya chuma, na njia hiyo unaiona na kuibomoa kwa mkono. Banda likiwa na nafasi ya kutazamwa chini, mchwa hawezi kujificha.

#6 Fundi Timazi

Nakubaliana na Zege, ila kuna deni la mfumo huo lazima lilipwe. Nguzo iliyozikwa inajisimamia. Iliyo juu ya kiatu ni kama iko kwenye bawaba, upepo ukisukuma paa banda zima linalala upande. Kwa hiyo mbao za mshazari ni lazima, tena pande zote mbili.

Mbao 2×4, sentimita 85 kila moja, zinashika nguzo sentimita 60 chini ya mhimili na mhimili sentimita 60 kutoka nguzo. Nguzo za pembeni mbili mbili, za kati tatu tatu: jumla 14. Kila ncha bolti moja ya M10 au skrubu nene mbili. Misumari peke yake inachomoka mbao ikicheza.

Pia paa lifungwe chini. Bati ni jepesi, na banda lisilo na kuta upepo unaingia na kulisukuma juu kutoka ndani. Kenchi na mhimili zifungwe kwa ukanda wa chuma uliokunjwa juu ya kenchi na kushuka pande zote mbili, nguzo na mhimili kwa bolti 2 za M12.

#7 Kinyonga

Naomba kuuliza, mhesi si mbao laini inayooza upesi? Mbona mnaitumia?

#8 Mnyasa

Mkuu Kinyonga, ni kweli. Ikigusa udongo mchwa na ukungu wanaimaliza haraka. Kwa hiyo mhesi haiwi nguzo. Nguzo ni mkaratusi uliotiwa dawa kiwandani, kama zile za umeme. Mhesi inakaa juu, chini ya paa, ambako haigusi udongo wala mvua: kenchi, papi, benchi, mshazari. Na uzuri wa mhesi ni kwamba hunywa dawa vizuri.

Dawa ninayopendekeza ni boraksi na asidi ya boriki. Kwa mbao mbichi zilizopasuliwa karibuni:

Lita 100 za maji ya moto, kilo 15 za boraksi, kilo 10 za asidi ya boriki. Koroga hadi yote iyeyuke. Maji yakipoa chumvi inaganda chini, hivyo pasha na chovya siku hiyo hiyo. Chovya kila ubao ulowe pande zote, upange zikiwa zimeshikana bila vijiti katikati, funika kwa nailoni na uzibe kingo. Mbao ya inchi 1 ikae wiki 4, ya inchi 2 ikae wiki 8. Dawa inasafiri ndani kwa kutumia unyevu wa mbao yenyewe, kwa hiyo nailoni ikifunguka na mbao ikakauka, dawa inaishia juu juu. Baada ya hapo panga upya kwa vijiti, kivulini, ikauke kabla ya kujenga.

Mapungufu: dawa hii huyeyuka kwa maji. Ubao unaonyeshewa utaipoteza. Ndiyo maana kutokeza kwa sentimita 70 ni sehemu ya kinga ya mbao na si urembo.

#9 Binti Sambaa

Naomba isomwe na kila mwenye kitalu: boroni ikizidi huua mimea. Mabaki ya maji hayo yasimwagwe karibu na miche wala kwenye mfereji unaoelekea kitaluni. Tengeneza kiasi unachohitaji, kinachobaki kihifadhiwe kwenye pipa lenye mfuniko kwa mbao zinazofuata.

Na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, zile za rangi ya kijani, visichomwe kabisa. Dawa yake mara nyingi ina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Kata nguzo huko huko mjini kwa kipimo, vipande visifike msituni. Sehemu iliyokatwa ipakwe dawa tena, na ielekezwe juu, isiwe kitako.

Oili chafu ya magari nayo isahaulike. Inachuruzika udongoni, na nguo za wanafunzi zinachafuka.

#10 Kinyonga

Na makuti au nyasi? Watu wengi wanaona bati linaharibu mandhari.

#11 Zege la Mlimani

Makuti yanataka mteremko wa nyuzi 45 na jua la kuyakausha baada ya mvua. Chini ya miti mikubwa penye ukungu hayakauki. Yanaota kuvu, yanaoza, yanakaribisha panya. Isitoshe minazi iko chini pwani, kila baada ya muda mfupi mnasomba makuti mapya mlimani. Bati la kijani kilichokolea lisilong'aa linapotea machoni.

Bati lina kelele ya mvua, hilo ni la kweli, na kwa banda la kufundishia ni kikwazo: mvua kubwa ikianza mwalimu hasikiki. Pigilia mbao nyembamba za mhesi, nusu inchi, chini ya papi, acha sentimita 5 wazi juu kwenye kofia na chini kwenye ukingo hewa ipite. Zibeni nafasi hizo kwa wavu, la sivyo popo watahamia.

#12 Mgema Maji

Naongezea la maji maana hamjaligusa.

Paa hili ni mita za mraba 23.3. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 20 inaleta lita 466, na ukitoa ya kurukia na kumwagika hesabu lita 370. Mvua tatu za hivyo zinajaza tangi la lita 1,000, maji ya kunyweshea miche kipindi cha kiangazi na ya kunawa mikono. Lita 20 za mwanzo zimwagwe, zina kinyesi cha ndege na vumbi la majani. Si ya kunywa bila kuchemshwa.

Tangi lililojaa ni tani moja. Lisikae kwenye sakafu ya banda. Lipewe kitako chake cha mawe, upande wa juu wa mteremko ili maji yashuke yenyewe kwenda kwenye miche.

Bati jipya hutoa zinki kidogo kila mvua. Maji ya ziada yasielekezwe kijitoni wala kwenye mawe yenye kuvumwani (tabaka hai la kijivu au kijani linaloota juu ya jiwe). Yaende kwenye shimo la mawe, mita 1 kwa 1 na kina mita 1, umbali wa mita 5 kutoka msingi.

Kama hamweki gata, basi chimbeni mfereji chini ya ukingo wa paa, upana sentimita 30 na kina 20, mjaze mawe. Bila hivyo matone yanachimba udongo, matope yanarukia benchi na nguzo, na msingi unaanza kubaki hewani upande wa chini.

#13 Binti Sambaa

Njia ya kufikia banda inakula msitu kuliko banda. Sakafu ni mita za mraba 12. Njia ya mita 200 yenye upana wa mita 1 ni mita za mraba 200, na ikiharibika watu wanatembea pembeni inakuwa mita 3. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, mita za mraba 600 ni sehemu ya miche 66.

Upana sentimita 80 unatosha. Mteremko usizidi mita 1 kwa kila mita 10. Pakizidi, pindisha njia au weka ngazi za magogo ya mhesi mkijua yatabadilishwa. Njia ilale kidogo upande wa bondeni ili maji yavuke, yasiifuate. Penye mteremko mkali weka gogo la mshazari la kutolea maji kila mita 10 hadi 15. Njia iingie banda kwa mbele tu. Mkiruhusu kuingia nyuma, mwaka haujaisha kuna njia tatu.

Mwanzo wa njia, si kwenye banda, pawe na brashi ya viatu. Magugu vamizi ya klidemia na lantana yanasafiri kwenye matope ya soli, na mbegu za klidemia ni ndogo mno, huzioni. Magugu hayo yakishika kando ya banda mtafyeka kila msimu.

Hakuna pipa la taka. Kima na panya watalifungua, na watu wataacha taka kando yake likijaa. Aliyekuja na kitu aondoke nacho. Hakuna meko. Hakuna taa ya usiku, inavuta wadudu kutoka mbali na kuwamaliza. Maua ya bustani yasipandwe kuzunguka banda; acheni mita 1 wazi kwa ukaguzi, baada ya hapo miche ya asili.

#14 Kinyonga

Miche gani ya kuanza nayo jirani na banda? Na matunzo ni kila lini?

#15 Mnyasa

Karibu na banda pandeni mtambara na mnyasa (mti, si mimi). Msambu ni mti mzuri, mafuta ya mbegu zake yana soko, lakini mbegu huchelewa sana kuota, miezi mingi, kwa hiyo kitalu chake kianze mapema kuliko ujenzi. Tunda la msambu ni kubwa na zito, lisipandwe pale ambapo matawi yatakuja juu ya paa.

Matunzo: mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Safisha gata, ondoa majani juu ya bati, tazama njia za mchwa kwenye viatu vyote 6, choma kisu kwenye ncha za papi zilizo karibu na ukingo. Kisu kikiingia bila nguvu, papi ibadilishwe. Mwaka wa kwanza kuna kazi ya ziada: kaza bolti zote, maana mhesi husinyaa ikikauka na nati zinalegea zenyewe. Acheni spana mbili za namba 19 kwa katibu wa kamati ya maliasili, maana bila spana hiyo kazi haifanyiki.

#16 Fundi Timazi

Spana 19 ni ya M12. Kama mshazari mmetumia M10 ongezeni 17. Na bolti ziagizwe zilizopakwa zinki, zikipata kutu hamtaweza kulifungua banda siku ya kulihamisha.